Cherehani Iliyofunguliwa Kitabu

Mwaka niliohitimu masomo ya jioni nilikuwa mtu hatari. Nilikuwa nimekaa darasani na watu wazima wenzangu, wengine wana wajukuu, tukisoma kwa chemli iliyotoa moshi mwingi kuliko mwanga, na nilipopewa cheti nilikitembeza mtaa mzima wa Nachingwea kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza. Kuanzia hapo nilikuwa na jibu la kila tatizo, na jibu lenyewe lilikuwa moja tu: tafuteni kitabu chake. Kuku akizubaa, kuna kitabu. Redio ikikoroma, kuna kitabu. Mke wangu alikuwa akisema siku ya kufa kwangu malaika wajiandae kuja na kitabu, la sivyo nitabishana nao mpaka warudi walikotoka.

Ndiyo maana Bibi alipogoma, wala sikushtuka.

Bibi alikuwa cherehani. Cherehani ya mkono, nyeusi, nzito kama dhambi, yenye maua ya dhahabu ubavuni ambayo nusu yake yalikuwa yamefutika kwa kupapaswa. Ilikuwa mali ya bibi yake mke wangu kule Mkotokuyana. Mzee yule alishonea kijiji kizima mpaka macho yakamgomea, na alipofariki, mke wangu akairithi pamoja na meza yake. Pale nyumbani hakuna aliyesema "cherehani". Tulisema Bibi. Bibi afutwe vumbi. Bibi asinyeshewe. Wageni walikuwa wakiuliza mbona mzee mwenyewe haonekani kuja kula.

Basi, mke wangu alikuwa amejifunza kushona kwenye darasa la kina mama, na alishona vizuri. Nikisema vizuri naomba niaminiwe: suruali aliyonishonea kwenye cherehani ya darasani nimeivaa mpaka juzi juzi, na mimi ndiye niliyechoka kwanza, si suruali. Alikuwa amechoka kuokota korosho za watu na kupalilia ufuta wa watu. Mwishoni mwa mwaka ule, mkuu wa shule ya msingi ya jirani alikuja nyumbani na majora ya kitambaa cha bluu. Akamwambia, "Mama, nakupa sare za darasa la kwanza. Zikiwa tayari shule ikifunguliwa Januari, kazi ya shule hii ni yako kila mwaka. Zisipokuwa tayari, nitarudi kwa mafundi wa sokoni, na usininunie."

Mke wangu akasema zitakuwa tayari. Mkuu wa shule alipotoka tu, akakaa kwenye mkeka na kuanza kulia, kwa sababu Bibi alikuwa hashoni.

Kisa ni sindano. Ile ya mwisho ya marehemu ilikuwa imevunjika njiani wakati Bibi anahamia kwetu. Tukanunua nyingine, tukaichomeka, na tangu siku hiyo Bibi akawa mtu mwingine. Anakwenda vizuri mwendo wa kidole kimoja, kisha anaruka mshono. Ukimlazimisha, anakata uzi. Chini ya kitambaa uzi unajikunja kama tambi za Idd. Mafundi wa barazani pale sokoni walikuja mmoja mmoja. Kila mmoja akiinua kile kibati cha chini alirudi nyuma, maana wao walizoea bobini ya mviringo ya kushika uzi wa chini, na tumboni mwa Bibi kulikuwa na chuma chembamba kama kokwa ya tende, kinachopiga mbizi kwenda na kurudi. "Hii si cherehani," akasema mmoja. "Huyu ni samaki."

"Tatizo ni dogo sana," nikamwambia mke wangu. "Kinatakiwa kitabu chake."

"Wewe na vitabu vyako."

"Kila mashine ikitoka kiwandani inatoka na kitabu, kinaeleza uzi unapita wapi na sindano inakaaje. Nipe siku chache."

"Nakupa mpaka Krismasi," akasema. "Baada ya hapo narudisha majora, na wewe ndiye utakayeyabeba, msomi, mchana kweupe, kupitia katikati ya soko."

Nikapanda baiskeli. Niliuliza kila mahali palipokuwa na mlango. Kwa Mhindi muuza nyuzi, misheni, kwa mzee muuza vyuma chakavu ambaye duka lake lilikuwa na vitu vyote duniani isipokuwa unachotaka. Hakuna. Mwishowe mama mmoja anayeuza vitumbua sokoni akanionea huruma.

"Unatafuta kitabu, baba?"

"Ndiyo, mama."

"Cha huyo Bibi wenu anayewasumbua?"

"Huyo huyo."

"Basi unahangaika bure hapa mjini. Nenda Lionja. Kuna mwalimu pale ana kitabu kikubwa, watu wanatoka mpaka Masasi kukifuata. Hakijawahi kukosea."

Mwalimu. Kitabu kikubwa. Hakijawahi kukosea. Nilimshukuru mama yule karibu nimbebe.

Kwenda Lionja na baiskeli mwezi wa kumi na mbili si mchezo. Jua lilikuwa la kukaanga yai juu ya kengele. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na udongo mwekundu ulishika magurudumu kwa upendo kiasi kwamba nusu ya njia baiskeli ndiyo iliyonipanda mimi. Nilifika nikiwa na rangi ya tofali. Mwalimu alinipokea vizuri sana: mtu wa makamo, kanzu safi, kofia imekaa sawasawa, macho ya upole. Akanipa maji, akaniketisha kwenye jamvi, na mbele yake kweli kulikuwa na kitabu kikubwa kimefunikwa kitambaa cheupe. Moyo wangu ukacheza.

"Haya, mwanangu. Karibu. Umekuja kwa habari gani?"

"Nimekuja kwa habari ya kitabu, mwalimu."

"Kitabu kipo. Nani anasumbuliwa?"

Nikaona huyu mtaalamu kweli, anaanza na mgonjwa. "Bibi."

"Bibi yako?"

"Wa mke wangu. Tumemrithi."

Akanitazama kidogo. "Mmemrithi."

"Pamoja na meza yake."

"Subhanallah. Anasumbuliwa na nini?"

"Anaruka, mwalimu. Anakwenda vizuri kidogo, mara anaruka. Ukimlazimisha, anakata."

"Anaruka mchana au usiku?"

"Wakati wowote, akishazungushwa."

"Nani anamzungusha?"

"Mke wangu. Kwa mkono wa kulia."

Mwalimu akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za dunia kuisha. "Na mmempa dawa gani?"

"Tumemtia mafuta tu. Ya taa kwanza, kumsafisha. Halafu ya kupikia, kumlainisha."

"Mmemnywesha mafuta ya taa?"

"Kwenye matundu yote, mwalimu. Hatukubakiza."

Akashika kichwa. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake, akajikaza. Akafunua kile kitambaa, akafungua kitabu, na mimi nikajisogeza nione picha za sindano. Hazikuwepo. Kulikuwa na maandishi ya Kiarabu na miraba yenye tarakimu.

"Nipe jina lake."

"Tunamwita Bibi tu."

"Na jina la mama yake?"

"Hana mama, mwalimu," nikasema. "Alitengenezwa kiwandani."

Mwalimu akaondoa kidole kwenye miraba, akanitazama mpaka nadhani korosho ziliiva huko nje. Halafu mambo yakanijia yote kwa pamoja. Kwetu sisi, mtu akisema anatafuta kitabu kwa ajili ya mgonjwa, maana yake anataka kufunguliwa kitabu: mwalimu anachukua jina lako na jina la mama yako, anapiga hesabu zake, anakwambia nani kakuendea vibaya. Mama wa vitumbua alikuwa amenielekeza sawasawa. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma mpaka nimesahau Kiswahili cha nyumbani.

"Mwalimu," nikasema kwa sauti ndogo, "Bibi ni cherehani."

Alicheka. Jamani, alicheka! Kofia ilianguka, akaiokota, ikaanguka tena, akaiacha. Alijaribu kufunga kitabu kwa heshima akashindwa, akakifunga kwa kiwiko. Mkewe, aliyekuwa uani anatwanga, akaacha mchi akaja kuangalia nani amekufa.

"Huyu," mwalimu akasema akifuta machozi, "ana bibi aliyenyweshwa mafuta ya taa. Hana mama."

Nikaeleza tena tangu mwanzo, safari hii kwa Kiswahili cha binadamu, na mke wa mwalimu hakucheka sana. Aliegemea mlango, akafikiri.

"Kitabu cha cherehani? Chenye picha za cherehani?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona kiko Nanganga. Nina ndugu yangu kaolewa pale, jirani yake ni mama mmoja aliyekuja zamani kutoka Msumbiji. Ana kitabu cha cherehani, cherehani yenyewe hana. Watu wanamtania miaka yote: mama, unashona kwa kurasa? Lakini hakitoi. Wamekuja mafundi mpaka kutoka Ruangwa mjini kukiomba, anawaambia kitabu hakitoki nyumbani."

"Yeye ana kitabu bila cherehani," mwalimu akasema, "na wewe una cherehani bila kitabu. Mngekutana zamani mngeepusha watu na hasara." Aliponisindikiza njiani akanishika bega. "Akipona niletee habari. Chuma sijawahi kutibu."

Mke wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akalala chali kwenye majora ya bluu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu mkuu wa shule alipokuja. Kisha akaketi na kunikazia macho.

"Kama kitabu hakitoki, basi Bibi ndiye atakayetoka. Mgonjwa anapelekwa hospitali, hospitali haiji kwa mgonjwa. Na mimi nakwenda. Wewe peke yako utarudi na mganga."

Tulipanda lori la korosho alfajiri. Mke wangu alimpakata Bibi, kamfunga kitenge vizuri kabisa ili vumbi lisimwingie, na abiria mmoja aliyekuwa juu ya magunia akampa hongera. "Mtoto wa kiume?" akauliza. "Wa kike," mke wangu akajibu bila kupepesa jicho. Lori likaruka kwenye shimo, Bibi akalia kling. Yule bwana hakuuliza tena mpaka tunashuka Nanganga.

Mama tuliyemfuata tulimkuta anaanika mabibo. Alikuwa mfupi, mwepesi, na Kiswahili chake kilikuwa na Kimakua ndani yake. Tulipiga hodi, tukaamkia, akaitikia marahaba, akatukaribisha kivulini. Tulipotaja kitabu, uso ukafunga kama duka.

"Hakitoki, wanangu. Poleni kwa safari."

"Tunajua, mama," mke wangu akasema. "Hatukukifuata kitoke. Tumemleta yeye akione." Akafungua kitenge.

Yule mama alitazama. Akapangusa mikono kwenye kanga, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akasogea akagusa lile ua la dhahabu kwa kidole kimoja. Akaingia ndani, akatoka na kitu kilichoviringishwa ndani ya kipande cha shuka, akakifungua mapajani. Kijitabu chembamba, kimekuwa rangi ya chai, kona zimeliwa na mchwa. Na juu ya jalada, jamani, Bibi. Bibi yule yule, na ua lake, alipokuwa msichana.

"Mume wangu alikuwa fundi," akasema. "Vita ilipotufukuza tulikimbia usiku, na mashine ni nzito. Akaniambia, wewe tangulia uvuke mto na watoto, chukua kitabu, mimi nakuja na mashine." Akaipangusa kona iliyoliwa na mchwa. "Nikavuka na kitabu."

Mke wangu alimshika mkono tu. Yule mama akanigeukia, na sauti yake ikawa nyepesi tena. "Basi mashine imefika. Imechelewa, lakini imefika. Wewe umesoma? Haya, kisome."

Nikakohoa kama mkuu wa wilaya, nikafungua ukurasa wa kwanza. Herufi zote nilizijua. Maneno, sikujua hata moja. Kilikuwa Kireno.

"Vipi, msomi?" mke wangu akauliza.

"Nakusanya mawazo."

"Kusanya haraka, lori linarudi jioni."

"Mama," nikasema, "wewe Kireno unakijua?"

"Kusema nakijua kidogo. Kusoma sikusoma. Alikuwa anasoma yeye."

Nikamtazama. Mke wangu akatutazama wote wawili, akapiga makofi. "Wewe unajua herufi hujui maneno! Mama anajua maneno hajui herufi! Soma, bwana, soma kwa sauti!"

Nikaanza. Nilisoma Kireno kwa lafudhi ya Nachingwea, silabi kwa silabi, kama tulivyosomeshwa chini ya ile chemli, na sijui hao Wareno wangefanya nini wangenisikia. "A-gu-li-ha."

Mama akakunja uso. "Rudia."

"A-gu-lha."

"Agulha! Sindano!"

"Lin-ha."

"Uzi! Huo ni uzi!"

Tukaendelea hivyo, yeye amefumba macho, mimi kidole kiko kwenye mstari, mke wangu kashika bisibisi anasubiri amri. Neno la ile kokwa ya tende lilitushinda kabisa. Mama alilisikiliza mara nyingi akasema hilo la mafundi, angalieni picha. Tukaangalia picha, kokwa ikawekwa sawa. Tukafika kwenye ukurasa wenye mchoro wa sindano peke yake, kubwa kama mwiko, na mshale. Nikasoma pole pole: uzi upitishwe *da direita para a esquerda*. Nililitamka hilo la mwisho kama mtu anayetafuna mfupa.

Mama akafumbua macho. "Esquerda?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kushoto! Hilo nalijua kwa mgongo wangu. Tulikuwa tunalimishwa pamba, mnyapara anapiga kelele, direita, kulia, esquerda, kushoto, mpaka unaota ndotoni." Akainuka, akasimama mbele ya Bibi, akaonyesha kwa mkono. "Uzi unatoka kulia, unaingia kwenda kushoto."

Mke wangu aliduwaa. Mafundi wote wa sokoni, na yeye mwenyewe darasani, walizoea kutunga uzi kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu cherehani zote walizozijua ziko hivyo. Bibi alikuwa mtu wa upande wa pili. Na sindano nayo, kwa mujibu wa ule mchoro, upande wake ulio bapa ulitakiwa utazame kushoto, na sisi tulikuwa tumeigeuza. Miezi yote ile tulikuwa tukimvalisha nguo nyuma mbele na kumlaumu kwa kutotembea.

Akalegeza parafujo, akaigeuza sindano, akatunga uzi kutoka kulia. Akachukua kipande cha kitambaa cha bluu alichokuja nacho kifuani. Akashusha mguu wa cherehani juu ya kitambaa, akashika mpini, akanitazama mara moja. Sijawahi kumwona anaogopa vile, hata siku ya harusi, na siku ya harusi alikuwa na sababu zote.

Akazungusha.

Bibi akaimba. Tik-tik-tik-tik, toka mwanzo wa kitambaa mpaka mwisho, bila kuruka hata mara moja, na mke wangu alipokigeuza chini hakukuwa na tambi. Mstari umenyooka juu, umenyooka chini. Nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakahama kata. Mke wangu hakupiga kelele. Aliurudia mshono ule kwa kidole, akaurudia tena, kisha akampisha mama kiti.

"Kaa, mama. Zungusha na wewe."

Mama akakaa. Akazungusha polepole, na mimi nikaenda kuangalia mabibo yanavyokauka, maana yako mambo mwanaume msomi hana haja ya kuyatazama. Niliporudi walikuwa wameshona mfuko mdogo wa bluu wenye mkunjo mzuri mdomoni. Kitabu kikaingia ndani kama kilichopimwa.

Shule ilipofunguliwa Januari, darasa la kwanza lilipita mbele ya nyumba yetu kwa mstari, bluu tupu, na mke wangu alisimama mlangoni anakagua mishono badala ya kuangalia watoto. Mkuu wa shule aliendelea kuleta majora kila mwaka. Nilirudi Lionja kumpa mwalimu habari kama alivyotaka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hesabu zake zingefika huko huko, ila zingechelewa.

Miaka ya elfu mbili mashine ya fotokopi ilipofika mjini, mama alikubali kitabu kitoke, kwa sharti kwamba yeye atakuwa nacho. Alikaa kwenye benchi la duka na mfuko wake wa bluu, akamkabidhi yule kijana ukurasa mmoja mmoja, na kila uliporudi aliuangalia kama haujapungua. Mimi nikaandika Kiswahili pembeni ya picha kwenye nakala: sindano, uzi, kulia, kushoto, na ile nyingine, "kokwa". Watu wenye cherehani nyeusi za zamani walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Wakawa wanakuja Nanganga wenyewe, wengine na nakala mkononi, kwa sababu mama alisema nakala haina sauti. Na mke wangu alikuwa akienda kumsaidia kila msimu wa sare ukiisha.

Mara ya mwisho nilipokuwepo alifika bwana mmoja kutoka upande wa Ruangwa mjini, cherehani imefungwa nyuma ya baiskeli, yeye mwenyewe mwekundu kwa vumbi, ananikumbusha mtu. Akapiga hodi, akasema amekuja kwa habari ya kitabu.

Mama akanikonyeza. Kile kisa cha Lionja alikuwa amekipenda kuliko mimi mwenyewe. Akajiweka sawa kwenye mkeka, akakaza uso. "Anasumbuliwa na nini?"

"Anaruka, mama."

"Na jina la mama yake?"

Mke wangu alikuwa tayari ameinama anacheka kwenye kanga. Yule bwana akababaika, akaitazama cherehani, akanitazama mimi, akavua kofia.

"Ni ya mama yangu," akasema. "Anataka kushona tena."

Mama akaacha mchezo. "Basi inatosha," akasema, akaufungua mfuko wa bluu.